Meno yapo, lakini tairi limekufa: matairi ya Beetle ya mwaka 1968

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nimerithi Volkswagen Beetle ya mwaka 1968 kutoka kwa marehemu baba yangu mdogo. Ilikaa chini ya turubai miaka mingi, lakini injini imewaka na breki zimeshatengenezwa, na nataka kuiendesha. Matairi yameandikwa 5.60-15 na yana meno mazuri kabisa, karibu kama mapya, hivyo fundi wangu anasema nisipoteze pesa. Niliuliza dukani nikaambiwa saizi hiyo siku hizi haipo, nichukue 195/65R15 kwa sababu "zote ni kumi na tano". Nimsikilize nani? Nimekutumia picha ya ubavu wa tairi moja.

JIBU: Marahaba, na pole sana kwa kuondokewa na mzee. Nianze na jibu lenyewe. Gari hilo usilitoe barabarani na matairi yaliyopo, hata kama ni kwenda tu hadi duka la matairi. Yatoe yote matano, pamoja na la akiba. Hiyo 195/65R15 usiinunue. Tafuta 165R15, au 165/80R15 ambayo ni karibu sawa nayo, yawe matano ya aina moja na yenye tarehe ya karibuni. Fundi wako amekosea na muuzaji naye amekosea. Kosa la muuzaji litakuharibia gari. La fundi linaweza kukuondoa duniani, kwa hiyo nalianza hilo.

Katika picha yako kuna mstari wa maandishi unaoanza na herufi DOT na kuishia na tarakimu tatu: 369. Hiyo ndiyo tarehe tairi lilipotoka kiwandani. Tarakimu mbili za kwanza ni wiki ya 36, yaani mapema mwezi wa tisa. Ya mwisho ni mwaka unaoishia na 9, na hapo ndipo penye tatizo, maana muongo haukutajwa. Inaweza kuwa 1999, inaweza kuwa 1989. Baadhi ya watengenezaji walikuwa wakichora pembetatu ndogo baada ya tarakimu kuonyesha kwamba ni miaka ya tisini. Kwenye picha yako siioni. Ni kwa sababu ya utata huo kwamba tangu mwaka 2000 zinapigwa tarakimu nne: ukikuta 3624, hiyo ni wiki ya 36 ya mwaka 2024, na hakuna ubishi. Ukikuta tatu, usijisumbue kuhesabu. Tairi ni la karne iliyopita.

Kwenye mengine manne unaweza usiione tarehe upesi. Mara nyingi namba kamili hupigwa ubavu mmoja tu, na tairi likifungwa ubavu huo ukiangalia ndani, inabidi uingie chini ya gari na tochi au uvue gurudumu. Fanya hivyo kwa kila tairi. Magari yaliyopita mikononi mwa watu wengi huwa na matairi ya miaka tofauti, na lile moja usiloliangalia ndilo huwa kongwe kuliko yote.

Sasa kwa nini meno yasiwe kipimo? Meno hupungua kwa kusuguana na barabara. Gari lililolala halisugui chochote, kwa hiyo meno hubaki yalivyo huku mpira wenyewe ukifa. Ndani ya mpira wa tairi huchanganywa nta na dawa za kuukinga na ozoni iliyomo hewani. Tairi linapozunguka hubonyea na kurudi, hubonyea na kurudi, na kubonyea huko ndiko kunakosukuma nta ije juu na kutandaza utando mwembamba wa kinga. Gari likisimama miaka, nta haiji juu. Ozoni hupata nafasi ya kuchanja ubavu, ukaona vipasuko vidogo kama tope lililokaukia juani. Hivyo angalau vinaonekana. Kibaya zaidi ni oksijeni inayopenya polepole kutoka kwenye upepo ulio ndani ya tairi na kukausha mpira unaoshikanisha tabaka na tabaka. Hilo hutaliona kwa macho, wala kwa kubonyeza ukucha, hadi siku tairi linapopata moto barabarani.

Mimi nimeliona. Nilikuwa na Peugeot 404, nikauziwa matairi manne ambayo muuzaji aliapa kwamba hayajawahi kugusa barabara. Ilikuwa kweli, hayakuwa yamegusa. Yalikuwa yamekaa ghalani miaka kumi na mitatu, na mimi nilihesabu meno sikusoma tarehe. Safari ya pili, mchana wa jua kali, usukani ulianza kutetemeka kidogo kama gurudumu lisilobalansiwa. Nikasimama, nikazunguka gari, nikaona begani mwa tairi la nyuma kulia kuna uvimbe wa ukubwa wa nusu ya limau. Niliugusa, ulikuwa laini na wa moto. Niliposogea polepole kutafuta mahali pa kuweka jeki, ule mkanda wa juu wenye meno ulibanduka karibu mzima, ukapiga madigadi kwa ndani na kuikunja. Mwendo ulikuwa wa mtu anayetembea. Dakika tatu kabla ya hapo nilikuwa kwenye kilomita 90 kwa saa, na nyuma ya gari kuna watoto. Tangu siku hiyo sijadili meno na mtu kabla hatujasoma tarehe.

Watengenezaji wengi wa matairi hushauri hivi: tairi likitimiza miaka mitano likaguliwe na fundi kila mwaka, na likifika kumi tangu tarehe ya kutengenezwa litolewe hata kama linang'aa. Watengenezaji kadhaa wa magari ni wakali zaidi na husema sita. Mwaka 2013 mwigizaji Paul Walker alipofariki ndani ya Porsche Carrera GT, wachunguzi walitaja mwendo mkali kuwa chanzo, lakini waliandika pia kwamba matairi yalikuwa na umri wa takriban miaka tisa. Kwa gari linalolala zaidi ya linavyotembea, mimi mwenyewe kumi sisubiri. Nikifika saba naanza kuweka akiba ya mengine, na nane sivuki. Ya kwako yana zaidi ya ishirini, na huenda yana zaidi ya thelathini.

Tuje kwenye saizi. Muuzaji anaposema "zote ni kumi na tano" anasema ukweli mmoja kati ya mitatu. Kumi na tano ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Bado kuna upana wa rimu, na bado kuna urefu wa tairi zima likiwa limesimama. Vua gurudumu moja utazame rimu. Beetle za miaka hiyo nyingi zina chapa 4J x 15. Ile 4 ni upana wa rimu, inchi nne, sentimita kumi na kidogo. Tairi la 195/65R15 limetengenezwa kwa rimu ya inchi tano na nusu hadi saba. Ukililazimisha kwenye inchi nne litaingia, na dukani litajazwa upepo na litaonekana limekaa. Lakini mbavu zake zimebanwa kwa ndani, juu limevimba kama puto, na barabara linaigusa kwa katikati tu. Kwenye kona gari litakuwa kama linaelea, maana tairi linalala upande kabla rimu haijafuata. Usukani wa Beetle hauna msaada wowote, hivyo kila utakapoegesha utausikia uzito huo mabegani.

Mtego wa 195/65 ni kwamba kwa urefu inakaribia kabisa. Piga hesabu: 65 ni asilimia, ubavu ni asilimia 65 ya milimita 195, yaani 126.75; zidisha mara mbili, jumlisha na milimita 381 za rimu, unapata karibu 634. Hesabu hiyohiyo kwa 165/80R15 inatoa 645, ambayo ndiyo inakaribia tairi lako la asili. Tofauti ya sentimita moja! Ndiyo maana muuzaji akiyasimamisha pamoja sakafuni unaona hana makosa. Kosa liko kwenye rimu, na rimu haiko dukani.

Wengine watakuletea 165/65R15, upana sawasawa kabisa. Hapo geuza hesabu: utapata 595, tairi fupi kwa sentimita tano. Gari litashuka sentimita mbili na nusu, spidomita itasoma 100 wakati unakwenda kama 92, na injini itazunguka zaidi kwa asilimia nane kwa mwendo uleule. Injini hiyo inapozwa kwa upepo na haipendi kukimbizwa bure.

Kuhusu 5.60 yako: huo ni upana wa tairi kwa inchi, kwa mtindo wa zamani, na tairi lenyewe ni krosiplai. Hapo kuna uchaguzi wa kweli, na watu wema hawakubaliani. Kwenye krosiplai nyuzi za ndani hupita mshazari, tabaka moja likikatiza jingine. Kwenye radiali nyuzi huenda moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, na juu yake kunafungwa mshipi, kwa kawaida wa chuma. Michelin ndio walioipatia hataza mwaka 1946 na kuanza kuiuza mwaka 1949 kwa jina la X. Krosiplai za saizi yako bado zinatengenezwa na viwanda vinavyohudumia magari ya zamani, kwa hiyo si kweli kwamba hazipo. Zina uzuri wake: sura ni ile ya siku gari lilipotoka, usukani ni mwepesi, na zinapoanza kuteleza huteleza taratibu zikikuonya. Lakini hufuata kila mfereji wa barabara, na kwenye maji breki zake si za kutegemea leo, ambapo gari lililo mbele yako linasimama kwa nusu ya nafasi unayoihitaji wewe. Kwa gari la maonyesho ningekuwekea krosiplai bila kusita. Wewe umesema unataka kuliendesha. Weka radiali.

Ila usichanganye. Radiali na krosiplai kwenye ekseli moja ni mwiko, na nchi nyingi zimekataza kisheria. Ikitokea lazima, jozi moja hivi na jozi nyingine vile, radiali huenda nyuma. Ukiziweka mbele, mbele kutashika barabara na nyuma kutaachia, na gari lenye injini nyuma kama la kwako litageuka kabla hujajua kilichotokea.

Sasa unapotafuta. Inayofaa zaidi ni 165R15 iliyoandikwa bila asilimia katikati. Kwenye radiali za zamani kutoandika asilimia maana yake ubavu ni kama asilimia 80 hadi 82 ya upana. Ipo pia 155R15, nyembamba kidogo, nayo Volkswagen iliikubali; inapendeza na inageuka vizuri. Soma na namba ya uzito: 86 ni kilo 530 kwa tairi moja, na Beetle iliyojaa watu na mizigo ni kama kilo 1,200 yote kwa pamoja, hivyo hapo huna shida. Herufi ya mwendo isikutoe pesa. S ni kilomita 180 kwa saa, na gari lako halifiki hata 130. Cha kuogopa kwenye hizi saizi nyembamba ni matairi ya trela. Yanafanana na ya gari, huwa rahisi, na muuzaji asiyejua atakupa kwa nia njema. Yakiwa na herufi FRT ubavuni, yametengenezwa kwa gurudumu linaloburutwa tu. Si ya kuongozea gari wala ya kusukumia.

Wenye magari ya Kifaransa wanaosoma hapa nao wana mtego wao, nitausema kwa ufupi kwa sababu nimeona watu wakiumia. Kuna rimu za zamani zinazopimwa kwa milimita. Ya 380, kama ile ya 404 yangu, ni inchi 15 na inakubali tairi la inchi 15. Ya 400, kama ya Citroën Traction Avant, ni inchi 15.75: si 15 wala si 16. Na zile za mfumo wa TRX wa Michelin, 365, 390, 415, hazilingani na saizi yoyote ya inchi. Fundi akikwambia atalikaza tairi la inchi kwenye rimu ya TRX kwa kuongeza upepo, chukua gurudumu lako uondoke. Tairi linaweza kupasuka mikononi mwake.

Ukinunua kwa kuagiza, mwambie muuzaji akutumie picha ya tarehe ya kila tairi, yote matano, kabla hujalipa. Matairi ya magari ya zamani hutengenezwa kwa mafungu, halafu hukaa ghalani yakisubiri watu kama sisi, kwa hiyo "jipya" si neno la kutosha. Mimi nakubali mwaka mmoja bila neno, miwili nikipunguziwa, na zaidi ya hapo narudisha. Yakifika, soma tena kabla fundi hajayagusa, maana tairi likishafungwa hakuna muuzaji atakayelipokea.

Siku ya kufunga kaa hapohapo. Rimu zikivuliwa zipigwe brashi ya waya hadi kutu yote iishe pale ukingo wa tairi unapokalia, zipakwe rangi nyembamba, zikauke. Kisha pitisha kidole ndani ya rimu, karibu na ukingo. Rimu za kisasa zina mwinuko mdogo unaozunguka, unaozuia tairi lisitoke mahali pake likipungukiwa upepo kwenye kona. Za zamani nyingi hazina. Zako zikiwa hazina, mimi ningeweka tyubu, ya saizi yenyewe na iliyoandikwa kwamba inafaa radiali, na ningehakikisha hakuna karatasi yoyote iliyobandikwa ndani ya tairi, kwa sababu karatasi hiyo husugua tyubu hadi ikatoboka. Tyubu za zamani zisirudi, wala valvu za zamani.

Halafu upepo, na hapa nakuomba unisikilize kuliko mahali pengine popote. Kijana wa upepo atakujazia psi 32 kote, kwa mazoea. Gari lako lina karibu asilimia 60 ya uzito wake nyuma, na ekseli za nyuma za Beetle nyingi za mwaka huo ni za kuning'inia: gari likiinuka kwenye kona, magurudumu hukunjamana kwa chini. Kwa radiali anza na psi 18 mbele na 27 nyuma, tairi likiwa baridi. Kumi na nane itaonekana kama pancha kwa asiyejua. Ukijaza zaidi mbele gari litaruka-ruka na usukani utapoteza utulivu. Muhimu kuliko namba zenyewe ni ile tofauti, nyuma kuzidi mbele, maana ndiyo inayozuia mkia usitoke. Si Beetle peke yake: Chevrolet Corvair ya mwaka 1960, nayo injini nyuma, ilielekezwa psi 15 mbele na 26 nyuma. Andika namba zako kwenye kikaratasi, ubandike ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta au mahali pengine kijana wa upepo atakapopaona.

La akiba usilisahau huko chini ya boneti. Katika Beetle nyingi za kuanzia miaka hiyo, kuna mrija unaotoka kwenye valvu ya tairi la akiba hadi kwenye chupa ya maji ya kioo: upepo wa tairi ndio unaorusha maji. Kwa hiyo hilo hujazwa zaidi ya mengine, na ukiona maji ya kioo yamegoma, usifungue pampu ambayo haipo. Pima tairi.

Kilomita 300 za kwanza nenda taratibu, matairi mapya huwa na utelezi uliobaki wa kiwandani. Baada ya kilomita 100 hivi kaza tena bolti za magurudumu, hasa kama rimu zimepakwa rangi. Na uliendeshe gari. Hata nusu saa kila wiki mbili inatosha kuamsha ile nta. Matairi yaoshe kwa maji na sabuni ya kawaida, yale mafuta ya kung'arisha yaache.

Matano ya zamani usimuuzie mtu, na usimwachie fundi ayatafutie kazi. Chukua kisu kikali, toboa kila ubavu mara mbili kabla hayajatoka uani kwako, kwa sababu meno yake bado ni mazuri na kuna mtu atayapenda.